Ndani ya Geti na Nje ya Geti

Leo nataka tuzungumze juu ya geti. Sisemi geti la nyumbani kwako. Nasema lile la jengo la ofisi, la duka kubwa, la chuo, la kanisa, la msikiti, lile ambalo ukilifikia unainua mikono kabla hujaambiwa, unafungua mkoba kabla hujaulizwa, na mlinzi anakwambia kwa adabu, "Mzee, nisaidie na kitambulisho." Vijana waliozaliwa juzi hudhani Nairobi imekuwa hivi tangu reli ifike. Sivyo. Wapo watu wengi hai, wala si vikongwe, wanaokumbuka kuingia jengo la ghorofa ishirini vile vile unavyoingia sokoni: unapita mlangoni, unapanda lifti, unabisha kwa unayemtaka. Kama hayupo, unashuka.

Mabadiliko hayo yana tarehe. Ijumaa, 7 Agosti 1998.

Siku hiyo wengi tunaikumbuka kwa ule mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi. Mimi naomba tuianze kidogo kabla ya hapo, nyuma ya ubalozi huo, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Yapata saa nne na nusu na ushei asubuhi, lori dogo lilifika kwenye kizuizi cha maegesho ya nyuma, na waliokuwamo wakataka wafunguliwe. Aliyekuwa zamu pale ni mlinzi Mkenya. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na redio ya mkononi na amri ya kutofungua ovyo, na hakufungua. Mmoja wa wale watu akarusha guruneti, mlinzi akakimbia kuokoa roho yake, na lori halikufika chini ya jengo lilikokusudiwa.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndipo maisha ya watu wengi yalipogeuka. Kishindo cha lile guruneti kilisikika maofisini. Na binadamu akisikia kishindo nje hufanya nini? Huenda dirishani. Karani akaacha taipureta, mteja akaacha kaunta, mwanafunzi akainuka kitini, wote wakasogeza nyuso kwenye vioo wajue kuna nini. Hapo ndipo bomu lenyewe lilipolipuka. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha uhazili ndani yake, likaporomoka lote. Jengo refu la Co-operative lililokuwa jirani likabaki limesimama, lakini vioo vyake vilitoka vyote na kuruka kwa kasi ya risasi. Ndiyo sababu, kati ya maelfu ya waliojeruhiwa Nairobi, wengi walijeruhiwa macho. Wapo waliopoteza jicho moja, wapo waliopoteza yote mawili. Mtu aliondoka nyumbani asubuhi akiona. Ilipofika mwezi uliofuata alikuwa anafundishwa kushika fimbo nyeupe, kuhesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, na kusoma kwa ncha za vidole.

Nimewahi kukaa na mama mmoja wa siku ile. Jina lake nalihifadhi. Huwa hakai kamwe karibu na dirisha, hata kwenye matatu. Akipanda gari huomba kiti cha kati, na kondakta akimwambia, "Mama, songa ndani," yeye husimama mpaka mwingine aingie kwanza. Na wanawe amewafundisha jambo ambalo mimi sikufundishwa na wazazi wangu: ukisikia kishindo, lala chini, kutazama baadaye. Wale watoto sasa ni watu wazima, nao wanawafundisha wao. Ukoo mzima una adabu yake ya kujihadhari na kioo, na jirani asiyejua chanzo chake huiona kama ushirikina tu.

Waliokufa Nairobi walikuwa 213. Kumi na wawili kati yao walikuwa Wamarekani. Wakenya 32 walikuwa wafanyakazi wa ubalozi. Fanya hesabu mwenyewe uone waliobaki: zaidi ya mia moja na sitini hawakuwa wafanyakazi wa ubalozi. Walikuwa wanafunzi wa uhazili, abiria wa basi lililokuwa likipita na kushika moto, watu waliotumwa benki, watu waliokuwa wakikatiza njia kuelekea stesheni. Karibu wakati huo huo, Dar es Salaam, bomu jingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Pale walikufa watu 11, na hakuna hata Mmarekani mmoja kati yao. Baadhi yao walikuwa walinzi wa getini.

Kabla sijarudi getini, niseme mambo mawili yaliyozaliwa na msiba ule, kwa sababu si kila badiliko ni la kulalamikia. La kwanza ni damu. Siku zile foleni za wachangiaji zilijaa hospitalini, watu wa kila kabila na kila dini wamekunja mikono ya shati. Lakini ilidhihirika kwamba nchi haikuwa na utaratibu madhubuti wa kukusanya damu, kuipima na kuihifadhi. Kila hospitali ilijitafutia, na ndugu wa mgonjwa ndio waliokuwa benki. Miaka mitatu hivi baadaye Kenya ikapata huduma yake ya taifa ya damu salama. Leo mjamzito akiongezewa damu salama huko mashinani hatajua kuwa chanzo chake kimojawapo ni ile Ijumaa.

La pili ni akili. Kabla ya 1998, ukimwambia Mkenya wa kawaida aende kwa mtaalamu akazungumze juu ya ndoto mbaya, angekuuliza kama unamwona mwendawazimu. Baada ya bomu, madaktari wa akili wakiongozwa na Frank Njenga waliingia kazini, na ushauri nasaha ukaanza kusikika redioni, makanisani na mashuleni. Wataalamu hao walikusanya majibu ya watu 2,883 katika miezi ya mwanzo, wakakuta kiasi cha mmoja kati ya watatu ana dalili za kiwewe: kushtuka kwa mlango unaofungwa kwa nguvu, kukosa usingizi, kuiona siku ile upya akiwa macho. Mmoja kati ya watatu, msikilizaji. Na wengi wao walirudi kazini wiki iliyofuata, kwa sababu kodi ya nyumba haijui kiwewe.

Haya, turudi getini.

Wenye majengo waliogopa, na kila aliyeweza akaweka mlinzi. Ubalozi wenyewe ukahamia Gigiri, mbali na barabara, nyuma ya kuta nene, na yule wa Dar es Salaam ukahamia Msasani. Mashirika makubwa yakafuata mkondo. Halafu ikaja Kikambala, Novemba 2002, bomu likilipuliwa kwenye hoteli huko kaskazini mwa Mombasa wageni wakiwa ndio kwanza wanashuka. Kati ya Wakenya waliokufa pale walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwapokea kwa nyimbo. Halafu Kampala, Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Halafu duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wakauawa. Halafu Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, na waliotangulia kupigwa risasi ni walinzi wa getini. Kila tukio liliongeza kitu kwenye lango: kioo cha mpini mrefu cha kutazama chini ya gari, mlango wa chuma unaolia, kile kijiti cha kupitishwa mwilini, daftari la wageni, foleni.

Naomba nikiseme hiki kijiti, maana kinanichekesha na kunisikitisha. Mlinzi anakipitisha kwako, kinalia. Kimelia kwa funguo, au kwa simu, au kwa mkanda. Hakuulizi ni kwa kipi. Anasema, "Pita." Aliye nyuma yako anapitishiwa, hakilii kabisa, labda betri imekufa tangu juzi, naye anaambiwa, "Pita." Sote tunajua. Mlinzi anajua kwamba sisi tunajua. Lakini siku asipokuwapo na kijiti chake tunanuna na kuuliza jengo hili lina usalama gani. Tunachokitaka ni ile dakika ya kupapaswa, itutulize, tuendelee na siku yetu.

Na huyu anayetutuliza analipwa nini? Nenda kamuulize kwa faragha. Kazi ya saa kumi na mbili, mguu wima, mvua yake na jua lake. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia ulinzi binafsi mwaka 2016. Mwaka 2024 mamlaka husika ilipotaka mlinzi wa Nairobi alipwe shilingi elfu thelathini kwa mwezi, jambo hilo liliishia mahakamani. Hatuna taabu ya kumkabidhi maisha yetu. Taabu ni mshahara. Tena mara nyingi hata jina lake hatulijui. Tunamwita "soja", tunamrushia kitambulisho bila salamu, tukichelewa tunamfokea. Yule wa 1998 aliyekataa kufungua alikuwa mtu wa kada hiyo hiyo.

Lakini lango hili halimsumbui kila mtu sawasawa, na hapa nataka tuseme ukweli. Simama pembeni ya mlango wa duka kubwa lolote Jumamosi asubuhi, utazame kwa robo saa. Mama wa suti anapita akiwa anaongea na simu, mkoba haujafunguliwa. Mzungu mwenye begi kubwa mgongoni anapokewa kwa "karibu". Anakuja kijana wa kanzu na kofia, au dada wa Kisomali aliyevaa jilbabu, ana mfuko wa maziwa. Huyo ndiye anayesimamishwa. "Fungua. Hii ni nini? Unatoka wapi?" Mlinzi si mtu mbaya, ameambiwa atumie macho, na macho yake yamefundishwa na yale yale tuliyofundishwa sisi sote kwa miaka.

Mwaka 2014, baada ya milipuko katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, operesheni iliyoitwa Usalama Watch iliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, ule wa mpira, wakachunguzwe kama wana haki ya kuwa nchini. Walikuwamo Wakenya wenye vitambulisho mfukoni. Watu wa mtaa ule walikuwa wakisema kwa uchungu kwamba kwa polisi wao wamekuwa mashine ya kutolea pesa. Uliza wenye maduka ya nguo kule: usiku mlango ukigongwa, baba alikuwa akitoa kitambulisho kwa mkono mmoja na noti kwa mkono wa pili.

Mwaka uliofuata, baada ya Garissa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma pesa. Kwa mtu wa Kilimani hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa bibi wa Garissa au Dadaab ambaye mwanawe anafanya kazi Minnesota, pesa hizo ndizo zilizokuwa unga wa mwezi, ada ya mjukuu na dawa ya presha. Kampuni zile zilifunguliwa tena baada ya miezi miwili hivi. Miezi miwili ni mingi kwa asiye na akiba, na mwenye duka aliyemkopesha alikuwa na deni lake pia.

Na kuna geti jingine ambalo halina chuma. Mwishoni mwa 2014, magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria kwa dini, wakawaua 28. Wengi walikuwa walimu wanaorudi kwao kwa likizo ya Krismasi. Walimu wengine wa kutoka bara wakakataa kurudi kaskazini mashariki, na nani atawalaumu? Lakini hebu fikiria darasa la kidato cha nne huko Mandera au Wajir, mwalimu wa fizikia hayupo, wa hesabu hayupo, na mtihani ni ule ule wa taifa. Mtoto yule hajawahi kumwona gaidi. Alipoteza alama, na kwa alama hizo alipoteza chuo. Yeye hayumo kwenye hesabu ya wahanga popote.

Mwaka mmoja baadaye, karibu na El Wak, basi jingine likasimamishwa. Magaidi wakataka abiria wajitenge tena, Waislamu huku na wengine kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya akina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi kwa kukataa huko, naye akafariki Januari 2016. Kisa hicho kimetengenezewa filamu, Watu Wote. Najua kimesimuliwa mara nyingi, na wengine huki­simulia kwa kupamba. Mimi nakitaja kwa sababu moja tu: watu wale walikataa kupangwa mistari miwili, wakati mitutu ilikuwa imewaelekea. Sisi tunapangwa kila Jumamosi mlangoni pa duka, hakuna mtutu, na tunapita bila kugeuka.

Mpango wa Nyumba Kumi nao ulitokana na hofu hiyo ya ugaidi. Baada ya Westgate serikali ya Kenya ilitutaka tujuane na majirani kumi kumi, na wazo hilo lilichukuliwa kwa jirani zetu Watanzania, ambako balozi wa nyumba kumi ni mtu wa tangu enzi za TANU. Kule balozi alijua ugomvi wa ndoa, mgeni aliyelala, mazishi na harusi. Kwetu, katika mitaa mingi, ilibaki kikundi cha WhatsApp cha kuulizana maji yatarudi lini na ni nani ameegesha gari vibaya. Sisemi ni kitu kibaya. Walau sasa najua jina la jirani yangu wa juu, na yeye anajua kwamba ni mimi ninayepiga taarab alfajiri.

Nimeliacha la mwisho jambo la fidia, kwa sababu ndilo linalonikera zaidi.

Baada ya 1998 Bunge la Marekani lilitenga mamilioni ya dola kusaidia Kenya na Tanzania, na haki isemwe: matibabu yalilipwa, ada za watoto yatima zililipwa, biashara kadhaa zilifufuliwa. Misaada ile ilikuwa na muda wake, ukaisha. Mguu wa bandia huchakaa na huhitaji mwingine. Jicho la kioo nalo ni hivyo hivyo. Kipande cha kioo kilichojificha mwilini hutoka chenyewe baada ya miaka mingi na kutaka kidonda chake kishonwe. Halafu ikaja 2020. Sudan, iliyokuwa imewapa hifadhi Al-Qaeda, waliolipua mabomu yale, miaka ya tisini, ilikubali kutoa dola milioni 335 ili itolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Fedha hizo zililenga zaidi raia wa Marekani na wale waliokuwa wafanyakazi wa ubalozi, pamoja na familia zao.

Umeona ilivyokuwa? Geti likarudi. Aliyekuwa ndani yake siku ile, au jina lake likiwa kwenye karatasi ya mishahara, alikuwa na mlango wa kubisha. Aliyekuwa nje, kwenye basi, kwenye ngazi za Ufundi, kwenye foleni ya benki, aliambiwa kwa lugha ya wanasheria kwamba hakuhusika. Bomu lenyewe halikuuliza nani ana beji.

Najua jibu lililopo: Marekani huwalinda watu wake, nasi tuwalinde wetu. Nakubali kabisa. Basi tuwalinde. Wahanga wamezunguka na faili zao kwa zaidi ya robo karne, na kilio chao kimefika bungeni Nairobi zaidi ya mara moja. Kila 7 Agosti viongozi huja kwenye ile bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale ubalozi ulipokuwa, huweka mashada, hupiga picha, huondoka. Wakati huo huo mwenye upofu wa siku ile anajinunulia dawa ya matone kwa pesa ya mwanawe. Hatuombi kituo cha kurusha roketi. Tunaomba daftari la waliojeruhiwa, kadi ya matibabu isiyokwisha muda, na ofisi moja yenye mtu anayejua kazi yake ya kuwapokea. Hospitali zilizowatibu zina kumbukumbu, vyama vyao vina orodha, na wengi wao bado wanapatikana kwa simu. Kinachokosekana ni sahihi ya mkubwa mmoja, na kifungu katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha.

Mimi naishia hapo. Kama ulikuwa mjini siku ile na unataka kusema neno, piga simu baada ya taarifa ya habari. Laini zitakuwa wazi mpaka saa tatu.